Samaki wa Bibi Harusi katika Tangi Namba Saba

Daktari Domitila Kokugonza alikuwa na ile furaha ambayo mtu huipata mara mbili au tatu maishani, na yake aliitolea jasho, kwa hiyo asionewe kijicho. Wiki nzima alizunguka Kituo cha Rubafu akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti mbaya. Mlinzi wa getini, aliyezoea kumwona akipita kimya kama mtu aliyefiwa, sasa alisimamishwa kila asubuhi na kuulizwa habari za mkewe, watoto wake, mbuzi wake na goti lake la kushoto. Goti lilikuwa bado linamuuma, lakini alijibu kwamba ni zima. Nani atataka kuharibu furaha ya namna ile?

Chanzo cha yote kilikuwa tangi namba saba.

Huu ulikuwa mwaka wa nne tangu sotoka ya maji, tauni ya samaki, iingie ziwani. Ilianza kwenye vizimba vya upande wa Sengerema, ikapanda hadi Musoma, ikavuka. Mfugaji alilala akiwa na sato elfu hamsini kizimbani, akaamka na matumbo meupe yanaelea. Nao sato wote wa vizimba, ziwa zima, walikuwa wa ukoo mmoja. Baraza la Ziwa liliwachagua zamani kwa sababu walinenepa haraka, likawaita Namba Moja, na kila kifaranga alitoka kwenye vituo mia mbili vya kutotolesha vya Baraza. Walifanana kama sahani za seti moja. Kilichomuua mmoja kiliwaua wote.

Domitila alitumia miaka mitatu kutafuta kwa nini wanakufa hovyo hivyo, akaipata sababu. Kwenye seli za samaki, kama zilivyo seli za mtu, kuna vipokezi: protini zilizochomoza kwenye utando wa seli, kazi yao kumpapasa kila anayepita na kumuuliza, wewe ni wa hapa? Zikishika kirusi, hupiga yowe, na mwili mzima ukaamka kupigana. Kipokezi kimoja, ambacho samaki wanacho na sisi hatuna, ndicho kilichopaswa kuitambua sotoka. Domitila alikiita Bawabu. Alipoisoma jeni yake ndani ya Namba Moja, alikuta imekatika katikati, kipande kizima hakipo. Vizazi mia moja watu walichagua samaki kwa unene tu, na hakuna aliyeuliza kama mlangoni bado kuna mtu.

Basi akaiunga. Alitengeneza kipande kilichokosekana, akakiandika ndani ya mayai kwa mashine ya kuandikia jeni, akatotolesha vifaranga sitini, akawatia tangi namba saba. Tangi namba sita akaweka sitini wengine wasio na Bawabu. Kisha akamimina sotoka kote kuwili. Siku ya tano tangi namba sita lilikuwa limekufa lote. Namba saba walibaki thelathini na saba, wazima, wanagombania chakula.

Baraza lilikuwa halijasikia habari njema kwa miaka minne, kwa hiyo halikujadili sana. Jumamosi saa sita mchana mashine za vituo vyote mia mbili zingewashwa, na Bawabu angeandikwa kwenye kila yai la ziwa. Mashine hizo hufuta kilichokuwepo na kuandika kipya, na kikishaandikwa hakirudi nyuma. Kwenye rejista jeni ingeingia kwa jina la Bawabu-Kokugonza. Mama yake Domitila, marehemu, alikuwa muuza dagaa. Domitila alifikiria jina hilo la ukoo wao likisomwa vyuoni, akacheka peke yake ofisini mpaka kahawa ikamwagika.

*

Siku ya Jumanne ilibaki kazi ndogo ya karatasi. Rejista ilitaka jeni ya kila samaki aliyepona isomwe na kuambatanishwa. Domitila alikata ncha za mapezi, thelathini na saba, akazitia kwenye kisomaji, akaenda kunywa chai.

Aliporudi alidhani mashine imechafuka. Samaki wa kwanza alikuwa na Bawabu mzima, ndiyo, lakini si Bawabu wake. Herufi zilitofautiana sehemu arobaini na zaidi. Wa pili alikuwa na mwingine tena. Wa tatu alifanana na wa kwanza, wa nne hakufanana na yeyote. Aliosha mashine, akarudia. Majibu yalikuwa yale yale: samaki thelathini na saba, aina kumi na moja za Bawabu, na yake haimo hata moja.

Alikwenda kwenye jokofu alikowahifadhi wale ishirini na watatu waliokufa, akawasoma nao. Ishirini na wawili walikuwa na Bawabu wake, herufi kwa herufi, kazi safi kabisa. Mmoja alikuwa mgeni.

Kwa maneno mengine, samaki wake walikufa wote.

Kisha akaenda kumtafuta Ta Rwechungura.

Mzee huyo, ambaye wote walimwita Ta kwa heshima, alikuwa mtunza matangi kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka hiyo yote joto la maji halijawahi kupanda wala kushuka bila ruhusa yake. Alikuwa nje anaanika nyavu.

"Shikamoo, Ta Rwechungura."

"Marahaba, daktari. Leo huimbi?"

"Kuna samaki wageni kwenye tangi namba saba."

Mzee hakushtuka wala hakukana. Aliunyoosha wavu pembe ya mwisho, akageuka. "Si wageni, daktari. Ni wa mkamwana wangu."

"Mkamwana wako?"

"Wa Projestus, mwanangu. Si alioa mwezi wa sita? Ulichangia ndizi, nashukuru tena. Sasa yule binti ni wa Bugandika, na kwao bibi harusi haingii mikono mitupu. Kila mwanamke wa ukoo aliyekwisha olewa huchota vifaranga wawili kwenye bwawa lake mwenyewe, wote wanatiwa ndoo moja, na ndoo inamiminwa kwenye maji ya nyumba anakoolewa kabla hajaonja chakula cha huko. Isipomiminwa, ndoa inakaa upande."

"Na wewe unakaa nyumba za kituo. Huna bwawa."

"Ndiyo shida iliyonipata," alisema Ta Rwechungura kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto. "Nikajiuliza, maji ya nyumba yangu ni yapi? Nikaona ni haya. Ndiyo niliyoyalea."

"Lakini kamera inahesabu samaki kila saa. Wangezidi sitini."

"Ningewezaje kukuharibia hesabu, daktari? Ndoo ilikuwa na thelathini na wanane. Nikatoa thelathini na wanane, nikatia thelathini na wanane. Wote urefu wa vidole viwili, huwezi kuwatofautisha."

Domitila alitafuta mahali pa kukaa, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Wale uliowatoa wako wapi?"

"Tuliwala na matoke. Sotoka ulikuwa hujaitia bado, hilo nililihakikisha kwanza."

Miaka mitatu ya kazi, imekaangwa na kuliwa na wageni wa harusi. Alijua anatakiwa kukasirika, na hasira akaisubiri kwa uaminifu kabisa, lakini kilichokuja ni kicheko. "Walikuwaje?" aliuliza.

"Watamu. Ila mafuta yalizidi kidogo."

Alicheka mpaka machozi, mzee naye akacheka kwa kumfuatisha. Kicheko kilipokwisha ndipo alipoiona shida aliyoingia.

Kwani mabwawa ya Bugandika hayakutakiwa kuwepo. Miaka thelathini iliyopita Baraza lilitunga Sheria ya Mabwawa: kila bwawa la nyumbani lifukiwe, samaki halali ni Namba Moja peke yake, kwa madai kwamba mabwawa yanazaa magonjwa. Wengine walifukia. Wanawake wa Bugandika waliotesha magimbi pembeni, majani yakafunika maji, wakaendelea kuozeshana samaki pamoja na mabinti. Akisema kweli, wakaguzi watapanda Bugandika na matrekta ya udongo, na Ta Rwechungura, aliyebakiza miaka miwili kustaafu, atafukuzwa. Akinyamaza, Jumamosi saa sita Bawabu asiyefaa kitu ataandikwa ziwa zima, na sotoka itakula kilichobaki. Walaji wa samaki hao walikuwa watu milioni themanini.

"Nitaacha kazi mwenyewe, daktari," alisema Ta Rwechungura, aliyekuwa anamsoma usoni. "Lakini wale akina mama usiwataje. Siri si yangu wala yako."

"Kweli si yangu," alisema Domitila. "Basi nipeleke kwa wenyewe."

*

Walifika Bugandika Jumatano asubuhi. Ma Leokadia, mama yake bibi harusi, aliwapokea kwa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, akamwangalia Domitila kutoka viatu hadi nywele, akasema, "Wewe ndiye daktari uliyewaua samaki wetu kwa ugonjwa?"

"Nilimuua mmoja, mama. Thelathini na saba wamenishinda."

Jibu lilimpendeza. Akatuma watu kuwaita wenzake, na kabla jua halijawa kali walikuwa wamekaa kumi na tisa, kwenye mikeka, chini bondeni karibu na mabwawa. Domitila hakuyaona mabwawa mpaka alipoonyeshwa. Aliona magimbi tu, halafu jani moja likatikisika na mkia ukapita chini yake.

Aliwaeleza yote. Alieleza habari za utando na kipokezi, jinsi alivyomtengeneza Bawabu mmoja kutokana na sotoka ya mwaka jana, na jinsi sotoka ya mwaka huu ilivyokwisha badilisha sura. "Kirusi kinajifunza," alisema. "Nilimpa bawabu mmoja, namna moja, milango yote."

"Hata mwizi huijua zamu ya mlinzi mmoja," alisema mama mmoja aliyekuwa anamenya ndizi bila kutazama kisu.

"Ndivyo hasa. Samaki wenu wana mabawabu kumi na mmoja, na hao ni wa ndoo moja tu. Sotoka ikimpenya huyu, kwa jirani yake inamkuta bawabu mwingine asiyeijua hila ile, inakwama. Wala si bahati. Kila mkioza binti mnachanganya maji ya nyumba mbili. Mmefanya hivyo miaka mingapi?"

Walitazamana. "Bibi yangu alileta ndoo," alisema Ma Leokadia. "Na bibi yake."

Hapo Domitila akawawekea shida mezani bila kuipaka asali. Akisema, sheria itawafuata. Asiposema, ziwa litakufa. "Mkikataa, Jumamosi nitaliambia Baraza nimekosea, jaribio halifai, basi. Watanifukuza, lakini Bugandika sitaitaja. Naapa."

"Na wenye vizimba?" aliuliza Ma Leokadia.

"Sotoka itawamaliza. Labda baada ya miaka kumi mwingine atagundua dawa."

Ma Paskazia, mkubwa kuliko wote, alikuwa anatafuna kahawa tangu mwanzo. Sasa alisema, "Mama yangu alikaa jela miezi mitatu kwa ajili ya bwawa lile pale. Alitoka kifua kibovu. Akaniambia, usiende kumwaga mtama penye kuku wengi. Mimi nasema hapana."

Domitila aliinamisha kichwa. Alikuwa ameahidi, na ahadi ni ahadi. Lakini aliumia, na alishangaa kwamba hakuwa anaumia kwa ajili ya jina lake. Jina alikuwa amelisahau tangu jana.

Ndizi zikaendelea kumenywa. Baadaye kidogo Ma Paskazia akauliza, kama anayezungumza na maji, "Sengerema wamebakiza vizimba vingapi?"

"Kumi na viwili, bibi. Vilikuwa mia nne."

"Mjukuu wangu Raurenti yuko huko. Alinipigia simu Pasaka, akasema hali nzuri tu." Alitema ganda la kahawa. "Nikajua anadanganya, maana hakuniomba kitu."

Akachukua ndizi, akaimenya yote.

"Haya," alisema mwishowe. "Kaseme. Ila sikiliza, daktari. Usiende kule ukasema 'akina mama fulani wa kijijini'. Namjua mtu wa ofisini anavyosema. Utataja majina, kumi na tisa yote, la mtu na la baba yake. Wakija kufukia, wajue wanafukia la nani."

Akamwamuru Domitila ayaandike pale pale, na yalipokwisha kuandikwa, akamwamuru ayasome kwa sauti, akamsahihisha mara mbili.

*

Jumamosi ukumbi wa Baraza ulijaa. Kwenye ukuta mkubwa zilionekana picha za vituo mia mbili, kila kimoja na mafundi wake kando ya mashine, wanasubiri. Mwenyekiti, Bi. Bhoke Wankuru, alikuwa mwanamke mrefu asiyependa maneno marefu. Alitazama saa. Zilibaki dakika ishirini.

"Daktari Kokugonza, tuambie tuwashe."

Domitila alisimama. Nyuma kabisa, kwenye viti vya wananchi, aliona vitambaa vya kichwa vya Bugandika, safu nzima, na Ta Rwechungura katikati yao amevaa koti la harusi ya mwanawe.

"Msiwashe," alisema. "Samaki waliopona si wangu. Wangu walikufa wote."

Ukumbi ulipotulia alieleza: ndoo, tangi, kamera iliyohesabu sawasawa, mabawabu kumi na mmoja. Hakumficha Ta Rwechungura na wala hakumtupia lawama. Alisema kwamba kosa ni lake, kwa sababu alihesabu vichwa vya samaki na hakuwasoma kabla ya kushangilia. Mjumbe mmoja aliuliza ni wapi walipo wale thelathini na wanane waliotolewa, akajibiwa, na vicheko vya ukumbini vilimfanya Bi. Bhoke agonge meza.

"Hao waliopona ni wa nani?"

Domitila alifungua karatasi. Alianza na Ma Paskazia, jina lake na la baba yake, akaendelea polepole, kwa sauti ile mbaya ya nyimbo za kanisani, mpaka la kumi na tisa. Karani wa rejista aliinua mkono kwa aibu.

"Mwenyekiti, fomu ina nafasi ya mgunduzi mmoja."

"Basi fomu isubiri," alisema Domitila.

"Na wewe daktari nikuandike wapi?"

"Kuna ukurasa wa majaribio yaliyoshindwa. Niandike huko, jina kamili, mtu asije akarudia." Alipolisema hilo alijisikia mwepesi, hata akaona njaa.

Bi. Bhoke aliangalia picha za ukutani kwa muda. "Funikeni mashine," alisema, na mia mbili zote zikafunikwa moja baada ya nyingine. Kisha akageuza uso, mgumu. "Ila Sheria ya Mabwawa ipo, na sikuitunga mimi. Wenye majina haya wafike hapa Jumatatu saa tatu, wajieleze."

Safu ya nyuma ilichakarika. Ma Leokadia alisimama, akajifunga kanga vizuri.

"Jumatatu hatuna nafasi, mwenyekiti. Kitukuu wa huyu bibi anaolewa. Ndoo imekwisha anza kujazwa."

Bi. Bhoke alimtazama Ma Leokadia, akamtazama Ma Paskazia aliyekuwa anatafuna kahawa yake bila wasiwasi, kisha akarudisha macho ukutani, kwenye vile vituo vyake mia mbili vilivyokuwa kimya, matangi yake yakiwa na samaki wa seti moja wanaosubiri kufa. Domitila aliona bega la yule mwanamke likishuka, kidogo tu, kama la mtu aliyetua mzigo alioubeba tangu mbali.

"Mtu asiye wa ukoo akitaka samaki hao," aliuliza Bi. Bhoke, "anafanyaje?"

"Anakuja harusini kama watu," alijibu Ma Paskazia akiwa amekaa. "Anakaa, anakula, anasubiri zamu yake, maana bibi harusi ndiye wa kwanza. Akipewa, na yeye siku nyumba yake ikioza, atatoa. Hakuna anayepokea asiyetoa. Na kila nyumba inakuja na ndoo yake, sisi hatuazimishi."

Bi. Bhoke alimwinamia karani.

"Tunazo ndoo ngapi?"